Mursik ya Maharagwe

Juzi alinijia kijana mmoja hapa nyumbani Litein, suruali imembana, mkoba begani, chupa ya plastiki mkononi. Akaniamkia vizuri, akaketi, akaanza kunieleza habari za bakteria. "Mama," akasema, "kuna vijidudu wengine ni wazuri. Wanasaidia mmea." Alisema polepole, akinitazama usoni aone kama ninamfuata. Nikamwacha aendelee. Nikamwongezea chai. Alipofika pale pa kusema kwamba hii ni teknolojia mpya kabisa, haijawahi kuonekana huku kwetu, chai ilinipalia nikakohoa mpaka akainuka kunipiga mgongo.

Sikumwambia kitu. Alikuwa na adabu, na chupa yake ilikuwa nzuri. Lakini alipoondoka nikaona heri niwaandikie nyinyi nyote mnaozunguka na chupa na vipeperushi, kabla hamjamkuta mzee asiye na subira kama yangu. Maana vijidudu hao nimewabeba kwa pikipiki kwenye matope ya Kericho na Bomet wakati wengi wenu mlikuwa bado mnanyonya, na shida niliyopata nao haikutoka kwao. Ilitoka kwa neno.

Nilikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani, miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa mboga. Katika nchi ya majani chai, mtu wa mboga ni mtu wa kuhurumiwa. Watu walikuwa wakinisalimu kama wanavyomsalimu mgonjwa. Nilitoka kwetu kando ya ziwa nikiambiwa ni kwa muda tu, kisha nitarudishwa karibu na nyumbani. Walisahau kunirudisha, nami nikasahau kuwakumbusha.

Basi siku moja ofisi ikaletewa katoni la vipakiti kutoka maabara ya chuo kimoja Nairobi. Ndani ya pakiti mlikuwa na unga mweusi, na ndani ya unga mlikuwa na bakteria waliolelewa humo. Ukiupaka kwenye mbegu za maharagwe, za mishiri, yale maharagwe ya kula na maganda yake mabichi, au za minji kisha ukapanda, wale bakteria huingia kwenye mizizi na kujenga vinundu vidogo. Humo ndani huchukua ile hewa tunayopumua wakaigeuza chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa sukari. Hakuna anayemdhulumu mwenzake. Ndoa chache ziko hivyo.

Nikaenda nazo kwenye baraza la chifu kule Kiptere. Nikasimama, nikainua pakiti juu, nikatangaza kwa sauti, "Hii ni dawa ya maharagwe."

Mzee mmoja mbele akainua fimbo yake. "Madam, hiyo tawa inaua nini?"

"Haiui kitu, mzee."

"Kama haiui kitu, ni tawa ya nini?"

Msimcheke kwa kusema "tawa". Wazee wa Kipsigis wa umri ule, d ikipita mdomoni mwao inatoka t, na b inatoka p. Mimi nami, mtoto wa ziwani, nikitaka kusema "shamba" ninasema "samba" hadi leo. Baraza zima lilikuwa la watu wanaoelewana kwa huruma.

Nikamjibu kwamba ndani mna vijidudu, tena wako hai. Hapo nikaona mama mmoja akimfunika mtoto wake uso kwa leso.

Sikujua kilichokuwa kimetangulia. Kabla sijafika, aliyekuwa amesimama pale pale niliposimama ni Kirui, mtu wa afya. Wakati ule kulikuwa na kipindupindu sehemu za chini, na Kirui alikuwa akizunguka na kitambaa kikubwa kilichochorwa kijidudu mwenye meno na kucha, amekalia kikombe cha maji kama anayengoja matatu. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: vijidudu ni adui, chemsha. Maji chemsha, maziwa chemsha, kitambaa cha mtoto chemsha. Watu walikuwa wamemsikiliza vizuri sana. Halafu ninatokea mimi na kuwaambia wachukue vijidudu nyumbani, tena wawalaze na mbegu.

Mimi na Kirui tulikuwa tunatumia pikipiki moja na kipaza sauti kimoja, kwa hivyo hatukuweza kununiana kwa muda mrefu. Tukirudi siku hiyo, mimi nimekaa nyuma na katoni langu, akapiga kelele juu ya upepo, "Akinyi, unaniharibia kazi!"

"Na wewe unaniulia wafanyakazi!"

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Langat, afisa aliyekuwa karibu kustaafu, mtu wa koti moja la mvua na maneno machache. Alinikuta mara moja nikiwaeleza wakulima mambo ya naitrojeni, nimechora ubaoni mpaka chaki imeisha. Akangoja nimalize. Njiani akaniambia, "Wewe unahubiri. Hawa watu wako na pasta tayari. Ng'oa kitu uwaonyeshe."

Nikajifunza kung'oa. Na kung'oa kwenyewe kuna ufundi, vijana, sikieni. Ukivuta mharagwe kwa shina, vinundu vyote vinabaki ardhini, nawe unabaki umeshika mizizi mitupu mbele za watu, unaonekana mwongo. Chimba kando, inua mmea pamoja na udongo wake, uuoshe taratibu kwenye ndoo. Kisha chukua kinundu kimoja ukipasue kwa ukucha. Kikiwa pinki ndani, vijidudu wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hao wanakula bure. Langat akikutana na kinundu cheupe alikuwa anasema, "Hawa ni wa ofisini."

Na muwalinde na jua. Kule Kipkelion tulipanda maiti. Karani wetu aliogopa panya watakula vipakiti, akavipanga vizuri dirishani, na jua la mchana likavipika vyote. Kundi zima la akina mama likapanda mbegu nyeusi za kupendeza, na hakuna kilichotokea, hata kinundu kimoja. Tangu siku hiyo vipakiti vyangu vilikaa nyumbani kwangu ndani ya debe, debe likafukiwa kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi wa maji. Wageni walidhani nimeficha pombe. Wengine walikuwa wanakaa sana wakisubiri niitoe.

Sasa niwaambie habari za Mama Chepkoech, maana ndizo nilizokusudia tangu mwanzo, kijana wa chupa ndiye aliyenipotosha.

Mama Chepkoech alikaa upande wa chini wa Litein, kwenye mteremko, pamoja na mumewe, Arap Tonui. Arap Tonui alikuwa mtu wa chai. Alikuwa na chai mbele ya nyumba, kando ya nyumba, kando ya choo, na kama mkewe angekubali angepanda sebuleni. Mahali pekee pasipokuwa na chai palikuwa kishamba kidogo nyuma ya jikoni, ambapo Mama Chepkoech alipanda mishiri, minji na sukuma wiki.

Mnaweza kukiona kidogo. Lakini nambari ya kupelekea majani kituoni ilikuwa ya mzee, na bonasi ilipokuja ilikuwa ya mzee. Mama alichuma majani hayo kwa vidole vyake, kikapu mgongoni, mvua ikimnyeshea, na malipo yakapita juu ya kichwa chake. Mboga ilikuwa yake. Akiuza mishiri sokoni Litein hakuna aliyemuuliza pesa amezifanyia nini. Sare ya shule ya binti yake ilitoka pale, na sabuni, na sadaka ya Jumapili aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe bila kuomba mtu.

Shida ni kwamba udongo ulikuwa umechoka. Mishiri ilikuwa inatoka myembamba, ya njano, inazaa kwa kununa. Na Arap Tonui alikuwa ameotesha miche ya chai chini ya kivuli, imenona, inangoja mahali pa kwenda. Kila akipita nyuma ya jikoni alikuwa anasema, "Hii nafasi inalala pure." Mwishowe akamwambia mkewe msimu huu mishiri ikikataa tena, miche inaingia pale.

Mama Chepkoech alinihadithia hayo siku ya kwanza nilipomtembelea, akicheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua aproni. Siku hiyo hiyo nilimfanyia kitu ambacho mpaka leo kikitajwa ninainama.

Alikuwa amenikaribisha ugali na mursik. Kwa mtu wa mbali: mursik ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakaganda, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti, na hicho kibuyu kinaitwa sotet. Nilikunywa nikaongezwa. Nikajisikia nimekuwa mtu wa nyumbani. Basi alipotoka kumkamua ng'ombe, mimi kwa heshima ya mgeni mwema nikakusanya vyombo nikaviosha vyote. Sufuria, sahani, na ile sotet. Nikaisugua ndani kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka ikatoa povu hadi shingoni. Nikaianika juani, safi kabisa.

Mama Chepkoech alirudi, akaiona, akasimama. Ilikuwa ya mamake. Baadaye nilisikia kwamba maziwa yote yaliyowekwa humo yaliharibika, yakanuka sabuni, hata paka aliyakataa. Ikabidi ianzishwe upya tangu mwanzo, makaa juu ya makaa, mpaka ikakubali tena. Hakunikasirikia. Ila tangu siku hiyo nikifika kwake, kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka sotet chumbani.

Nilimpa pakiti. Nikamwonyesha kila kitu: koroga sukari kwenye maji kidogo ili unga ushike, mwagia mbegu, nyunyiza unga, geuza mpaka zote ziwe nyeusi, fanya kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, fukia mara moja. Nikamkataza mbegu zile zilizopakwa dawa ya rangi dukani, maana dawa hiyo inaua ukungu na wageni wetu pia. Nilidhani nimemaliza.

Wiki zikapita, nikarudi na ndoo yangu ya kuoshea mizizi. Mishiri ilikuwa ya njano kama zamani. Nikachimba, nikaosha, nikatazama. Mizizi ilikuwa na upara. Nikachimba mwingine, upara. Nikamuuliza Mama Chepkoech alitumia maji gani.

"Safi kabisa, Madam."

"Safi namna gani?"

"Nilichemsha."

"Maji?"

"Maji, na sukari, na ile unga. Yote pamoja." Akaniangalia kwa fahari. "Ilichemka mpaka ikatoa povu. Kirui si alisema kila kitu iko na vijidudu ichemshwe? Na wewe mwenyewe ulisema hiyo pakiti imejaa."

Niliketi chini pale pale katikati ya mishiri. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote kidogo kidogo. Arap Tonui alitokea nyuma ya jikoni akauliza kuna nini, akaelezwa, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kwa hivyo umepika supu ya vichitutu!" Alipomaliza kucheka aliokota kofia, akaipangusa, akasema kwa upole kabisa, "Paasi. Mvua ikirudi, napanda chai."

Akaenda zake. Mama Chepkoech alibaki ameshika ule mshiri wenye mizizi mitupu, na safari hii hakucheka. Moyo uliniuma, vijana. Ningekuwa nimepoteza msimu wangu ningevumilia, lakini huu ulikuwa wa mtu mwingine, na alikuwa amefuata maagizo yote ya serikali, yangu na ya Kirui, kwa uaminifu.

Nikatafuta la kusema. Naitrojeni ilikataa kuja. Neno lililokuja ni jingine kabisa.

"Mama Chepkoech, unakumbuka ile sotet?"

"Nitasahau aje?"

"Kwa nini ilikataa kutengeneza mursik?"

"Sabuni. Uliosha mpaka ile kitu ya ndani ikatoka."

"Na mursik ikiwa tayari, unaweza kuichemsha?"

"Kuchemsha mursik!" Akashika mdomo kana kwamba nimetukana kanisani. "Hiyo ni kuharibu. Unachemsha maziwa kwanza, inapoa, ndiyo inaingia sotet. Ikishalala, haiguswi na moto."

Akaangalia mzizi, akaangalia jikoni, akaangalia sufuria ya kupikia ile supu iliyokuwa imeinamishwa ukutani.

"Lo!" akasema. "Kumbe ile unga ni mursik. Ni mursik ya maharagwe."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeichemsha."

"Ndiyo."

"Sasa tumelipana," akasema, na hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akaniegemea.

Hakungoja. Alimfuata mumewe kwenye chai, nami nikamfuata nyuma nikijikwaa, akamwambia anataka msimu mmoja tena. Arap Tonui hakupenda kuonekana mkali mbele ya mgeni, na alipenda mashindano. Akasema sawa, wagawane. Nusu ya kishamba atapanda yeye mishiri kwa mbolea ya chai, nusu nyingine apande mama na mursik yake. Upande wa mzee ukishinda, miche inaingia na hakuna kulalamika. "Na wewe Madam usije ukatia kitu usiku," akaongeza.

Mbolea ya chai mnaijua. Inaletwa kwa ajili ya chai, lakini gunia moja moja hupotea njia likajikuta kwenye mahindi. Arap Tonui aliitupa kwa mikono miwili. Sisi upande wetu tulianza na jivu la jikoni, maana udongo unaopakana na chai una uchachu ambao maharagwe hayaupendi, na wale vijidudu hawaupendi hata kidogo. Maji yalikuwa ya baridi. Mama Chepkoech alichanganya mbegu ndani ya karai, kivulini, akizungumza nazo kwa Kipsigis. Sijui alikuwa anaziambia nini, lakini hakuwa na papara.

Nikaacha neno dawa siku hiyo. Kila baraza nikawa ninasema mursik ya maharagwe, na watu wakawa wanaelewa kabla sijafungua pakiti. Hata Kirui alichora picha ya pili, kijidudu asiye na meno, akawa anaeleza kuna vijidudu wa kuchemshwa na kuna vijidudu wa sotet. Ingawa neno nalo halikukosa vituko vyake. Kule Kiptere kuna bwana alimwagia mbegu zake mursik yenyewe, lita nzima, na mbwa wa kijiji wakafukua mstari wote kabla jua halijatua. Alikuja ofisini kudai pakiti ya pili na mursik ya kurudishiwa.

Upande wa Arap Tonui uliota kwa vurugu. Majani mapana, kijani cha kukolea, urefu wa kupita goti la mtu. Watu wakitoka kanisani aliwapitisha nyuma ya jikoni, wakaangalia, wakatikisa vichwa. Hata ng'ombe wake mmoja alivunja ua akaingia, akapita upande wa mama bila kugeuka, akala kona nzima ya upande wa mzee. Mzee hakukasirika. "Hata ng'ompe anajua," akasema.

Upande wa mama ukageuka njano.

Niliogopa. Nawaambia wazi, sikula vizuri wiki hizo. Nilikuwa nimemkataza Mama Chepkoech kutia hata konzi ya mbolea, maana maharagwe yakipewa naitrojeni ya bure hayahangaiki kuwakaribisha bakteria. Na sasa yalikuwa yanageuka rangi mbele ya macho ya kanisa zima, na kama nimekosea, mimi ningerudi ofisini, yeye angerudi kuchuma majani ambayo si yake. Nilimwendea Langat nikamweleza. Alikuwa anakata kucha. "Wamefika ugenini juzi," akasema. "Wanajenga nyumba. Wakimaliza watapika. Wewe kaa." Kisha akakata kucha nyingine.

Hicho ndicho kipindi ambacho wengi hushindwa, vijana wangu. Mmea umemaliza chakula cha mbegu na vinundu havijaanza kazi, unaona njaa kwa siku kadhaa, na mkulima anakimbilia mbolea. Mwambieni mapema. Mkimwambia baadaye ataona mnatafuta kisingizio. Mama Chepkoech nilikuwa nimemwambia, naye akavumilia macho ya majirani kuliko nilivyovumilia mimi. Akipita mtu akiuliza kwa nini ya kwake imepauka, alikuwa anasema, "Bado inalala kwa sotet."

Kisha ikageuka. Nilifika asubuhi moja nikakuta kijani kimerudi, kuanzia majani ya juu, na maua meupe yamejaa. Upande wa mzee ulikuwa umeendelea kutoa majani juu ya majani, umelala kwa uzito, na chini yake vidukari walikuwa wamefanya mji.

Siku ya kuchuma Arap Tonui alivaa koti. Mama alianza upande wake na karai, akainama, akachuma, karai likajaa akamwaga kwenye gunia, akainama tena. Mzee naye aliingia upande wake. Alifunua majani. Alifunua mengine. Mishiri ilikuwapo, siwezi kusema haikuwapo, lakini alikuwa anaipata mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kifungo cha shati. Kirui, aliyekuwa amekuja kwa sababu pikipiki ilikuwa yake siku hiyo, alianza kusema kitu nikamkanyaga mguu.

Basi Arap Tonui akachukua jembe. Akachimba mmea mmoja wa kwake, kando, kama alivyoniona nikifanya, akauosha kwenye ndoo yangu. Upara. Akavuka mpaka, akachimba mmoja wa mkewe. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu kutoka juu mpaka chini. Akachagua kimoja kikubwa, akakipasua kwa ukucha, akakileta karibu na macho. Yeye ni mtu aliyekulia kwa ng'ombe, na rangi ile aliijua.

"Iko na tamu," akasema.

Nikadhani anamaanisha utamu. Kirui ndiye aliyeninong'oneza, "Damu." Mzee alimaanisha damu.

Hakusema ameshindwa. Msiwasubiri watu waseme hivyo, mtazeeka mkingoja. Alirudisha jembe ukutani, akanawa mikono, akaenda kusimama langoni akiwa ameipa miche yake ya chai mgongo. Wakati ule ule akapita mama mmoja mchuuzi kutoka sokoni Litein, akaona gunia, akasimama. Kwa desturi alimwendea mwanamume. Akamuuliza mzee kama atamuuzia hiyo mishiri, na kama msimu ujao itakuwapo pale pale, au ni kweli alivyosikia kwamba panaingia chai.

Arap Tonui alikohoa. Akanyoosha mkono nyuma ya jikoni.

"Muulize mwenye shampa," akasema.

Mama Chepkoech alikuwa amesimama hapo na karai lake mikononi, na alipolisikia hilo aligeuka kuangalia nyuma yake, aone ni nani aliyeingia.